Msiba wa Mashine Iitwayo Bibi

Ofisi ya Umoja wetu wa wakulima wa milimani iko Kihonda, nyuma ya karakana ya matrekta. Usijisumbue kuitafuta kwa kibao, maana kibao kilianguka mwaka juzi na mpaka leo kila mtu anasubiri mwenzake akiinue. Ndani, jirani na dirisha letu la uhasibu, kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi kizuri kuliko cha meneja. Humo hakai mtu. Humo inakaa seva.

Seva yenyewe ni chuma kimoja, kiasi cha kabati la vyombo. Lakini ndani ya chuma hicho zinaishi kompyuta tatu zisizo na mwili, ambazo wenye fani huziita mashine pepe. Kila moja ina programu zake na kumbukumbu zake, unaweza kuiwasha au kuizima wenzake wasijue, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. Ni nyumba moja ya kupanga, na kila mpangaji anapika chake. Na wapangaji wenyewe hawakutoka kabila moja: wawili wanatumia Windows, mmoja Linux.

Huyo wa Linux aliitwa Mjomba, kwa sababu anatunza kumbukumbu zote za Umoja, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli. Ukoo unakwenda kwa mama, na shamba linakwenda kwa mama, kwa hiyo kabla ya jambo lolote anaulizwa kaka wa mama. Wa pili, Windows mpya, aliitwa Mkwe. Sisi makarani tunaandika kila kitu kwa Mkwe, na Mkwe anakwenda kuomba kwa Mjomba kwa adabu zote. Mjomba akinuna, ofisi nzima inakunja mikono. Wa tatu aliitwa Bibi. Hiyo ilikuwa Windows ya zamani sana, iliyobeba uhasibu wetu wa kwanza kabla ya kazi zake zote kuhamishiwa kwa wenzake. Tulijua amestaafu.

Majina hayo yalitungwa na watu wawili wanaoitunza seva, Modesta na Dadi. Modesta ni Mluguru wa Mgeta, Mkatoliki, amesoma Mzumbe, na ana haraka. Akianza sentensi ameshaanza kazi. Dadi ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa swala tano, anatembea polepole na hajawahi kupandisha sauti. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, mnajua wenyewe. Katika miaka yao yote pale sikuwahi kuwasikia wakisemeshana kama watu wa kawaida.

"Shikamoo, mpagazi," Modesta angesema asubuhi, ingawa wanalingana umri. "Leo umebeba mzigo wa nani?"

"Nimekubebea wewe ngazi," Dadi angejibu. "Nasikia kwenu mnalima ukutani. Kabichi ikikatika inajiviringisha yenyewe mpaka Morogoro mjini. Sasa nipe kuku."

Ilikuwa lazima Dadi adai. Alidai kuku na mayai, na siku moja alichukua mwavuli wa Modesta akauvaa begani wiki nzima mpaka akanunuliwa soda. Ndiyo haki ya mtani, na Dadi hakuwahi kuiacha haki yake ipite. Waliwahi kuzima mashine nyingine ya zamani waliyoiita Shangazi. Dadi akaketi chini mlangoni pa chumba cha seva, miguu ameinyoosha, akasema yuko kaburini na maiti haizikwi mpaka alipwe. Meneja mwenyewe aliruka miguu ile mara mbili. Dadi akaletewa chipsi kuku, akala palepale, ndipo akapisha.

Walikuwa na utaratibu mmoja mzuri, na nausema mapema kwa sababu ndio uliotuokoa. Mashine ikizimwa haifutwi. Inawekewa arobaini. Ikipita arobaini na hakuna aliyeililia, ndipo inafutwa.

Sasa habari za viazi. Umoja ulijenga chumba cha baridi pembeni ya ofisi, kwa ajili ya mboga zinazosubiri kwenda Dar es Salaam na kwa ajili ya mbegu za viazi mviringo. Huko Mgeta watu wamezoea kuhifadhi mbegu nyumbani, kwenye dari, moshi ukipita chini yake. Mbegu nyingine zinaharibika, nyingine zinaliwa na panya, lakini ziko juu ya kichwa cha mwenyewe. Modesta alipanda mlima akamkalisha mjomba wake, mzee Fransisko, mkuu wa lukolo, yaani ukoo wao, akamweleza habari za nyuzi nne za baridi na mbegu zinazolala bila kuota mpaka siku ya kupandwa. Mzee alisikiliza, akauliza maswali machache, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akateremsha mbegu zote za ukoo. Alisema anateremsha kwa neno la Modesta, si la Umoja. Mbegu zile zingeharibika, nyumba zote za ukoo ule zisingekuwa na cha kupanda vuli, na Modesta asingekuwa na uso wa kupanda tena kwao.

Mwezi ule tulipata seva mpya. Modesta akapanga kuhamisha kila kitu Ijumaa mchana, ili Jumatatu tukute mambo safi. Mjomba na Mkwe watahamia nyumba mpya. Bibi, alisema, ndio mwisho wake. Alikuwa ametazama na kuona kwamba hakuna mtu aliyeingia kwa Bibi kwa miezi mingi.

Alhamisi Dadi alikuwa anajiandaa kwenda Kisaki, kufunga kompyuta ya mizani kwenye kituo chetu cha kule. Alipita chumba cha seva na begi lake. Nilikuwa dirishani, nikasikia yote.

"Modesta," alisema, "Bibi usimzime. Amebeba viazi vya mjomba wako mgongoni."

"Amekuwa Mnyamwezi lini huyo, kubeba mizigo?" Modesta akacheka bila kugeuka. Na mimi nilicheka.

Dadi akatabasamu kidogo, akasimama kama anangoja kitu, kisha akaondoka zake. Gari lilikuwa linapiga honi.

Ijumaa Modesta akafanya kazi yake, na aliifanya vizuri, sitamnyima sifa. Mjomba akahama bila kununa. Mkwe akaamka kwenye chuma kipya na akazungumza na Mjomba mara ya kwanza tu, na wale wa Windows na Linux wakigombana huwa ni kesi ya siku nzima. Kisha Modesta akamzima Bibi, akazima seva ya zamani, akachomoa nyaya zake zote. Waya mmoja ulikuwa na kipande cha plasta, na kwenye plasta Dadi alikuwa ameandika kwa kalamu: VIAZI VYA MLUGURU. Modesta akanionyesha, tukacheka tena. Akauviringisha na wenzake akautupa kwenye boksi.

Jioni Mwanahawa, mtunza ghala, alitazama kioo cha mlangoni kwenye chumba cha baridi kabla ya kufunga. Kilisema nyuzi nne. Akafunga, akaenda kwake Msamvu kwa amani.

Jumamosi Modesta alipanda Mgeta. Ukoo ulikuwa unakutana kugawana vipande vya kulima kabla ya mvua, na yeye, kwa sababu ya zile mbegu, safari hii aliwekwa kwenye kiti na si kwenye mkeka. Yaliyotokea kule ametusimulia mwenyewe, na mjomba wake alipokuja aliyarudia bila kupunguza.

Baada ya kula, watu waliuliza habari za mjini, naye akawachekesha kwa habari za Mnyamwezi wake. Akawaeleza mashine iitwayo Bibi, jinsi alivyoizima, na jinsi Dadi alivyosema imebeba viazi vya mjomba mgongoni. Walicheka sana. Mama mmoja alirudia neno "mgongoni" na kupigapiga goti. Mzee Fransisko peke yake hakucheka. Alikuwa anachokonoa jino kwa kijiti, akakiweka chini.

"Akadai nini?" aliuliza.

"Nani, mjomba?"

"Huyo mtani wako. Umemwambia unamzika Bibi. Akadai nini?"

Modesta akafikiri. "Hakudai kitu."

"Hata yai?"

"Hakudai, mjomba. Alikuwa anasafiri."

Mzee akasema, kwa upole tu, kwamba alipokufa dada yake, mama yake Modesta, watani walikuja wakiwa wawili. Mmoja alishuka kaburini akalala, akasema hapandi, akamtukana marehemu kwamba alikuwa mchoyo wa chumvi. Hakupanda mpaka alipopewa jogoo na kanga. Na yule wa pili aliwahi kufika siku ileile na kusema mto umejaa, msipite njia ya chini na jeneza. Huyo hakuomba hata maji ya kunywa.

"Tukapita njia ya juu," mzee alisema. "Mtani akitania anadai. Asipodai, hatanii. Mbegu zangu ziko wapi, Modesta?"

Modesta alikumbuka plasta kwenye waya, akakumbuka Dadi alivyosimama pale mlangoni akingoja, na akaelewa alichokuwa anangoja. Alikuwa anangoja aulizwe.

Kulikuwa na fuso linapakia kabichi. Mzee Fransisko alichukua koti lake, akapanda mbele bila kuuliza nafasi, na Modesta akabanwa katikati, kati ya dereva na mjomba. Simu ya Dadi ilikuwa haipatikani. Kisaki ukipata mtandao ni kwa bahati, na Modesta alipiga kila walipozunguka kona. Njia nzima mjomba hakumlaumu hata kwa neno moja. Alizungumza na dereva kuhusu matairi. Modesta anasema afadhali angemlaumu.

Mwanahawa waliyekuwa wamempigia simu aliwakuta getini na ufunguo, ushungi ameuvaa upande. Kioo cha mlangoni bado kilisema nyuzi nne. Akafungua. Hewa iliyotoka haikuwa ya baridi. Ilikuwa ya uvuguvugu, yenye harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na mitambo ya kupoza ilikuwa kimya. Kile kioo kilikuwa kinaonyesha namba ya mwisho kilichopewa kabla ya Bibi kuzimwa, na kingeionyesha hata Krismasi.

Modesta hakuingia. Alikimbilia chumba cha seva. Alirudisha umeme kwenye chuma cha zamani, akamwamsha Bibi, na Bibi aliamka polepole kama kawaida yake. Kwenye pembe ya kioo cha kompyuta palikuwa na kiprogramu kidogo ambacho Modesta hakuwahi kukitazama. Kilikuwa ndicho kinachouliza chumba cha baridi kila mara, una joto gani, na kuiamuru mitambo ifanye kazi. Kikinyamaza, mitambo nayo inajizima kwa usalama. Masika yaliyopita kompyuta ndogo ya chumba kile iliungua kwa radi, na kwa kuwa programu yake haikubali Windows mpya wala Linux, Dadi akaihamishia kwa Bibi. Alimwambia Modesta siku ileile. Alimwambia Bibi amepata kibarua cha kulea viazi, ampe kuku.

Na Modesta alipotafuta kama Bibi ana wageni, alikuwa ametafuta watu. Hakuna mtu aliyeingia kwa Bibi. Viazi haviweki jina na nywila.

Kiprogramu kilikuwa kinauliza na hakijibiwi. Akaenda kwenye boksi, akamwaga nyaya zote sakafuni, akauokota wenye plasta. Safari hii hakucheka. Aliuchomeka nyuma ya chuma cha zamani, mahali palipokuwa na alama ya vumbi yenye umbo lake, akasimama akisikiliza. Ukutani upande wa pili mitambo ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikashika. Modesta aliketi juu ya boksi akalia. Hakutuficha hilo, na mimi namheshimu kwa kutokuficha.

Alipotoka alimkuta mjomba wake ndani ya chumba cha baridi, amezamisha mkono mpaka kiwiko kwenye mfuko. Alipita mifuko yote hivyo, bila haraka. Ile ya mlangoni ilikuwa imeanza kutoa jasho. Ya nyuma ilikuwa bado na ubaridi wake. Mbegu zilikuwa hazijafa, lakini zingeikuta Jumatatu katika joto la Kihonda, asingekuwa na haja ya kuzigusa, harufu ingemwambia kutoka getini.

"Ni nani mwingine hapa anajua anachojua huyo Mnyamwezi?" aliuliza.

"Hakuna, mjomba."

"Basi mbegu zangu hazikuwa kwenye baridi. Zilikuwa kinywani mwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe amesafiri."

Modesta akasema, "Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe tangu kwenye gari," mzee alisema. "Lakini nusu napanda nayo."

Asubuhi fuso lilirudi Mgeta na nusu ya mifuko, ikaenda darini kwenye moshi, kulekule ilikotoka. Nusu ilibaki. Modesta alisaidia kupakia kila mfuko kwa mikono yake. Anasema ile nusu iliyobaki hakuiona. Aliiona iliyoondoka tu.

Jumatatu Dadi alirudi, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta jogoo amefungwa mguu kwenye meza yake. Jogoo mwekundu, mkubwa, mkali, alikuwa ameshamdonoa meneja. Sisi wote tulikuwa tumesimama mlangoni kama hatuna kazi.

"Huyu wa nini?" Dadi aliuliza.

"Ametoka kwa mjomba," Modesta alisema. "Msiba wa Bibi. Anasema chukua haki yako."

Dadi alimtazama jogoo, akamtazama Modesta, akatazama seva ya zamani inayonguruma pembeni ya mpya na waya wenye plasta mahali pake. Alielewa bila kuelezwa. Akaketi.

"Bibi hajafa," alisema. "Arudi huyu. Mimi siku ile sikutania."

"Najua."

"Nilikwambia, ukacheka. Nikasema basi, amesikia. Wewe siku zote ukicheka unakuwa umesikia."

"Na wewe siku zote ukisema unakuwa unatania."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakizungumza kama watu wengine, na sikupenda. Chumba kilikuwa kizito. Baadaye Dadi alichukua kiti, akamweka Modesta kulia na Mwanahawa kushoto mbele ya kioo, akawafundisha kile kiprogramu mwanzo mpaka mwisho. Walimhamisha Bibi mzimamzima kwenye seva mpya, wakampa waya wake, wakamwacha aendelee kulea viazi. Mwanahawa sasa anakwenda kusikiliza mitambo kwa sikio lake kila jioni, kioo kiseme kisemavyo. Jogoo alirudi Mgeta na dereva wa kabichi, mzima, bado na hasira.

Utani ulirudi taratibu, ukarudi na sharti moja. Siku moja Dadi alisema kutoka mezani kwake, "Mluguru, leo usimguse Mkwe."

Zamani Modesta angekuwa ameshabonyeza. Safari hii alisimamisha mkono. "Unadai nini?"

"Sidai kitu."

Akaondoa mikono yote miwili, akageuza kiti, akamsikiliza mpaka akamaliza.

Mbegu zilizobaki kwetu zilipandwa vuli ile, na zile za darini zilipandwa pia, bonde kwa bonde, mzee akitembea katikati na fimbo yake. Zipi ziliota vizuri kuliko zipi hakumwambia mtu, na Modesta hakuthubutu kuuliza. Mavuno yalipoisha na watu wakaanza kuchagua mbegu za msimu mwingine, simu ya Modesta ililia tukiwa tunakunywa chai. Alisimama kabisa kuipokea.

"Shikamoo, mjomba."

Alisikiliza. Tuliona anashika ukingo wa meza.

"Zote?" aliuliza. "Hata za darini?"

Akasikiliza tena. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Unadai nini, mjomba?"

Simu yake ina sauti kubwa, na mzee wa mlimani anaongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo tulisikia wote, Dadi naye akasikia, kikombe kikiwa mdomoni.

"Sidai kitu, mpwa wangu," alisema mzee Fransisko. "Fungueni geti, tuko njiani."